Kengele ya Wamonaki na Njia ya Misafara

Apitaye Kwihara, karibu na Tabora, huikumbuka njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi waliondoka alfajiri na kupiga kambi jua lilipokuwa kali. Kila mmoja aliujua mzigo wake. Lakini njia ile ile ilipitisha na watumwa katika minyororo. Basi utaratibu peke yake si utakatifu. Yatupasa kuuliza: Unamtumikia nani?

Katika karne ya 6, huko Italia, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki Kanuni, akigawa siku yao kwa sala, kazi na kusoma. Wengi hudhani mambo hayo ni ya Peramiho na Ndanda tu. La, hasha! Tutazame mambo matatu.

Kwanza, Kanuni yaagiza vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Basi jembe la mkulima, cherehani ya fundi na mizani ya muuza asali sokoni vina heshima yake. Apunjaye mizani ameunajisi utumishi wake.

Pili, kudumu mahali. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu huko kwa miaka zaidi ya 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa mmonaki, bali katekista mwenye ndoa. Hata hivyo alidumu.

Tatu, utii. Hapa twajihadhari sana. Mmonaki hutii kwa hiari, na Kanuni yamwonya abati kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa ajili ya kila nafsi aliyokabidhiwa. Lakini katika baadhi ya nyumba zetu binti wa kazi huamka wa kwanza, hulala wa mwisho, wala mshahara wake haufiki. Tusiuite huo utii. Ni mnyororo wa njia ya zamani uliorudi kwa jina jingine.

Wazazi wapendwa, tuanze jioni hii. Simu ziwekwe kando kwa robo saa. Wote wapige magoti pamoja, na binti yule awe kati yao, si jikoni. Kisha alipwe haki yake, akapumzike. Nyumba ya namna hiyo, ingawa haina kengele wala mnara, imekwisha kuwa karibu na monasteri.