Kuwadhibiti Anemoni Waharibifu katika Tangi la Matumbawe

Aiptasia ni anemoni mdogo wa baharini, mwenye rangi ya kahawia na mwili unaopitisha mwanga kidogo. Huingia katika tangi la maji ya chumvi akiwa amejificha kwenye nyufa za mawe yaliyotolewa baharini, au chini ya tumbawe lililonunuliwa. Seli zake zimebeba mwani unaomlisha kwa nguvu ya mwanga, na mabaki ya chakula cha samaki humnenepesha zaidi. Minyiri yake huchoma matumbawe jirani, yakanywea na hata kufa.

Ugumu wa kumwondoa uko kwenye kitako chake. Kila anapojisogeza huacha vipande vya nyama juu ya jiwe, na kipande kidogo tu hukua kikawa anemoni kamili. Ndiyo maana kumkwangua kwa kisu ndani ya tangi ni kosa kubwa kuliko yote: aliyekuwa mmoja huwa kumi.

Wakiwa wachache, dawa nzuri ni chokaa iliyozimwa, ikikorogwa kwa maji hadi iwe uji mzito. Pampu huzimwa kwanza ili maji yatulie. Kisha uji huvutwa kwa bomba la sindano na kumiminwa polepole juu ya mdomo wa anemoni, bila kumgusa, maana akiguswa hujivuta ndani ya ufa. Chokaa hupandisha pH ya maji, kwa hiyo hutibiwa wachache kwa siku. Jiwe dogo linaloweza kutolewa lisisumbue mtu; litolewe, likaushwe kabisa juani.

Wakishaenea, sindano haitoshi. Hapo huhitajika Berghia, konokono wa baharini asiye na gamba, ambaye hula aiptasia tu. Hufanya kazi usiku na kwa taratibu, na huliwa na baadhi ya samaki; aiptasia wakiisha, naye hufa kwa njaa asipohamishwa. Kamba wa jamii ya Lysmata wurdemanni husaidia pia, ingawa wengine huwapuuza aiptasia na kudonoa matumbawe. Samaki kipepeo Chelmon rostratus naye huwala, lakini ni mgumu kumlisha, hivyo hafai kwa anayeanza.

Dawa za shaba zisitumike kamwe katika tangi hili, kwani huua matumbawe, kamba na konokono. Kila tumbawe jipya likaguliwe chini na pembeni, na likae katika tangi la pekee kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na mengine.