Panorama: Mwanga Mmoja kwa Fremu Zote

Toka hapa Chiungutwa hadi Newala si mbali, na nimechoka kuletewa panorama za Shimo la Mungu, ukingo wa huko unaotazama bonde la Ruvuma, zenye ugonjwa uleule: fremu zikiunganishwa, anga lina mistari, kipande cheupe kando ya kipande cha kijivu, kama paa lililochanganywa bati jipya na la zamani. Kamera zenyewe ni nzima. Ziliachiwa zijiamulie.

FANYA

Weka kamera kwenye M, unapopanga mwanga mwenyewe, kabla ya fremu ya kwanza. Kwenye oto inapima upya kila unapogeuka: ikikutana na ukungu mweupe juu ya bonde la Ruvuma inapunguza mwanga, ikikutana na mikorosho inaongeza.

Pima pale penye mwanga mkali kuliko pote. Zunguka kwanza mwanzo mpaka mwisho bila kupiga, tafuta anga linapowaka, chagua spidi ya shata hapo, usiiguse tena. Saa tatu asubuhi, jua likiwa wazi, anza na ISO 100, f/8, 1/250, kisha tazama grafu ya mwanga. Kivuli cha chini ya mkorosho utakiinua baadaye ukipiga RAW. Wingu lililoungua halirudi.

Funga na mizani ya rangi (WB): chagua alama ya jua. Ukiiacha oto, udongo wetu mwekundu utakuwa wa chungwa huku na wa kahawia kule.

Unatumia simu? Nyingi zina kufuli ya mwanga: kandamiza kidole kwenye kioo mpaka itokee, ndipo uanze.

USIFANYE

Usifunge chujio la polaraiza. Anga pana litatoka na doa la buluu nzito upande mmoja, kwingine limepauka.

Usizubae. Wingu likipita mbele ya jua katikati ya kazi, rudia yote toka fremu ya kwanza.

Usimwambie mteja "nitarekebisha kwenye kompyuta". Mzee mmoja wa hapa aliniomba nimpigie shamba lake lote, mpaka kwa mpaka, kabla wanawe hawajagawana. Nilipiga fremu 11, kamera iko oto. Mkorosho alioupanda mwaka aliooa uliangukia pale fremu mbili zinapoungana: nusu nyeusi, nusu imepauka. Niliporudi kupiga upya nilikuta kisiki, na magunia ya mkaa kando yake.