Somo: Mbuzi wa Kiamaiko Analeta Habari Gani?

(Kwa vikundi vya kujisaidia. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane.)



Sisi wa Huruma ni majirani wa soko ya mbuzi ya Kiamaiko. Malori yanashusha pale mbuzi na kondoo kutoka kaskazini mwa nchi: Isiolo, Marsabit, Moyale na kwingineko. Wengi wetu tunakula kwa sababu ya soko hiyo: wachinjaji, wabebaji, wauza ngozi, na akina mama wanaopika matumbo, supu na kichwa. Leo tunajifunza juu ya ugonjwa unaoweza kusafiri pamoja na mifugo, yaani Homa ya Bonde la Ufa. Tunataka kujua namna ya kuugundua mapema.

1. TUONE

Ugonjwa huu uligunduliwa hapa hapa Kenya, kati ya kondoo karibu na Naivasha. Habari zake ziliandikwa mwaka 1931. Unaletwa na kirusi, na safari yake ni hii.

Kuna mbu wanaoitwa Aedes. Wanataga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayoshika maji ya mvua. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miaka bila kufa, na mengine yana kirusi tayari. Mvua kubwa ikifurika, mbu wanatoka kwa wingi na kuuma mifugo. Mbu wa aina nyingine nao wakimuuma mnyama mgonjwa, wanaeneza zaidi.

Katika mifugo, dalili kubwa ni mimba kuharibika. Kondoo wenye mimba karibu wote kundini wanaweza kutupa mimba, na watoto wachanga wanakufa kwa wingi.

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, kumzalisha, au kushika mimba iliyotoka. Wengine wanaumwa na mbu. Wengi hupata homa, kuumwa kichwa na misuli, kisha wanapona. Lakini wachache wanaharibika macho, wanachanganyikiwa akili, au wanatokwa na damu na kufa. Haijaonekana mtu akimwambukiza mtu mwenzake.

Mwisho wa mwaka 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki, na ugonjwa ukaanza upande wa Garissa. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na kati yao 155 walifariki.

Sasa sikilizeni vizuri. Wataalamu wanaotazama mvua kwa setilaiti walikuwa wametoa onyo mapema. Na si wao peke yao. Watafiti walipowauliza wafugaji Wasomali baadaye, walikuta kwamba wafugaji walishaona mambo: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi ajabu, mimba kutoka, na mifugo kutokwa damu puani, ugonjwa wanaouita kwa lugha yao sandik. Toka mnyama wa kwanza kuugua mpaka mtu wa kwanza kuugua, zilipita kama wiki mbili na zaidi. Huduma ya mifugo ilifika wakati watu walishaanza kuugua.

2. TUPIME

Kwa nini habari inachelewa? Tuseme ukweli: habari ina bei. Mfugaji akisema, soko inafungwa. Mwaka 2007 masoko ya mifugo yalifungwa, na uchumi wa Kenya ulipata hasara iliyokadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 32. Hasara hiyo haikuishia kwa mfugaji. Ilimfikia mfanyabiashara, machinjio na bucha.

Mchinjaji akiona ini lisilo la kawaida, anajiuliza, “Nikisema, kesho nitakula nini?” Tusimlaumu haraka. Lakini tukumbuke nabii Ezekieli, sura ya 33, anavyoeleza habari za mlinzi aliyeona hatari akanyamaza. Mlinzi huyo ana hesabu ya kutoa. Na sisi wengine je, tumemsaidia mlinzi aweze kusema?

3. TUTENDE

(a) Chagueni watu wawili wa zamu, hasa wanaofanya kazi na mifugo. Mvua ikizidi kaskazini, wawaulize madereva na wafanyabiashara: huko mnakotoka, mimba zinatoka? Watoto wa mbuzi wanakufa?

(b) Jambo la mashaka lipelekwe siku hiyo hiyo kwa mkaguzi wa nyama au ofisi ya mifugo ya kaunti. Msingoje mkutano wa mwezi.

(c) Mtu anayeshika mifugo au nyama mbichi akipata homa, amwambie daktari kazi yake. Asiseme tu “ni malaria”. Homa hizi zinafanana, na daktari asipojua kazi yako hatafikiria kupima.

(d) Vaeni glavu na buti mnapochinja au kuosha matumbo. Funikeni vidonda. Nyama na damu zipikwe mpaka ziive kabisa, na maziwa yachemshwe. Msinunue nyama isiyo na muhuri, wala msichinje mnyama mgonjwa kwa kuona huruma ya pesa yake.

(e) Mwageni maji ya matairi na makopo, na mfunike mitungi na jerikeni. Jamii ya mbu hao wa Aedes ndiyo pia inayoeneza chikungunya, iliyosumbua Mombasa mwaka 2017 na 2018.

(f) Anzisheni mfuko mdogo wa dharura, hata kwa shilingi kidogo kila juma, kwa ajili ya wanachama wanaotegemea soko. Soko ikifungwa, mama wa matumbo apate unga. Hapo ndipo ataweza kusema alichokiona bila kuogopa watoto kulala njaa.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini hufaa ikitolewa kabla ya mlipuko. Kwa hiyo habari ya mapema ina faida kwa mfugaji pia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani anagusa damu au nyama mbichi kila siku? Ana vifaa gani?
2. Tukiona dalili leo, tutamwambia nani, na saa ngapi?
3. Nani atapoteza riziki tukisema? Tutambeba namna gani?

Andikeni majibu kwenye daftari ya kikundi, na myasome tena kabla ya mvua za vuli.