HOKI: KILA MCHEZAJI NA UCHEZAJI WAKE, NA JINA LAKE

Mchezo wa hoki, ambao wengine huuita mpira wa magongo, huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Watu hao huvaa jezi za rangi moja na kulishambulia goli moja, lakini hawachezi namna moja. Katika somo hili twataka kueleza kwa nini wachezaji wa timu moja hutofautiana, jinsi tofauti hizo ziwezavyo kutumiwa, na mahali yanapotoka majina ya utani wanayopewa. Somo ni la kila mtu apendaye michezo, lakini twawaelekea hasa wasomaji wa Bomet, Sotik na Kericho, ambako viwanja vimepakana na mashamba ya chai, na ambako timu moja aghalabu hukusanya watoto wa wakulima, wa wachuma chai na wa wenye maduka.

Jambo lenyewe si dogo. Mwalimu akipata mchezaji mmoja hodari, mara nyingi hutamani wote kumi na mmoja wawe kama yeye. Huwaamuru wapige chenga kama yeye na wakimbie kama yeye. Matokeo yake ni mawili: timu hushindwa, na kijana aliyekuwa na kipaji cha namna nyingine hujiona hafai, akaliweka gongo chini asilishike tena. Hasara ya kwanza hupona mchezo ujao. Ya pili yaweza isipone kabisa.

GONGO LENYEWE HULETA TOFAUTI

Gongo la hoki lina uso mmoja tu ulio bapa, nao uko upande wa kushoto. Upande wa pili ni wa mviringo, na sheria hairuhusu kuupiga mpira kwa upande huo. Tena hakuna gongo la watu watumiao mkono wa kushoto. Kila mchezaji hutanguliza mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini yake.

Kwa sababu hiyo mpira ukiwa upande wako wa kulia una raha, na ukiwa kushoto una taabu, maana hapana budi uligeuze gongo ncha ielekee chini, au uuzungushe mwili wako wote. Basi winga wa kulia huupeleka mpira katikati ya uwanja kwa pigo la kawaida tu. Winga wa kushoto akitaka kufanya hivyo hivyo lazima ageuze mwili au gongo. Watu wakimwona anachelewa kidogo husema ni mvivu. Kumbe kazi yake ni ngumu kuliko ya mwenzake wa upande wa pili.

Kadhalika beki anayemkabili adui ana upande wenye nguvu, ambao ni kulia kwake, na upande dhaifu, ambao ni kushoto kwake. Mshambuliaji mwerevu hujaribu kumpita kwenye ule udhaifu. Beki mwerevu naye hujua hivyo, akasimama mahali pa kumlazimisha adui aende upande wenye nguvu. Hapo utaona kwamba watu wawili wenye mbio sawa waweza kuwa na thamani mbalimbali, mmoja akitumia miguu na mwingine akitumia miguu na akili.

AINA ZA WACHEZAJI

Kwanza yuko mtu wa chenga. Mpira kwake ni kama umefungwa kwa uzi kwenye gongo. Huyu hufungua mlango uliofungwa, lakini akiachwa bila mafunzo huusahau wenzake wapo. Mfundishe kutazama juu baada ya kumpita mtu mmoja, asingoje wa tatu.

Pili yuko mgawaji. Yeye hakai na mpira, na kwa hiyo watazamaji hawamshangilii. Lakini kabla mpira haujamfikia huwa amekwisha kuona utakakokwenda. Ukitaka kumjua, usiutazame mpira. Tazama magoli ya timu yako, kisha uulize ni nani aliyetoa pasi iliyotangulia ile ya mwisho.

Tatu yuko mkimbiaji. Katika nchi ya milima na hewa nyepesi kama yetu vijana wa mbio ni wengi, lakini mwalimu asidhani kwamba kila mtoto wa Bomet ni mkimbiaji kwa kuzaliwa. Wako wenye miguu mizito na mikono ya ajabu, nao wana nafasi yao.

Nne yuko mmaliziaji. Katika hoki goli halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na gongo la mshambuliaji ndani ya duara, ambalo mpaka wake uko mita 14.63 kutoka goli. Mmaliziaji huishi ndani ya duara hilo. Pengine hugusa mpira mara tano tu katika mchezo mzima, na mara mbili kati ya hizo ni magoli. Jamaa huyu huitwa mwenye bahati, lakini bahati ijayo kila Jumamosi ina jina lingine.

Tano wako wakabaji, yaani mabeki na mahafubeki, na mwisho golikipa. Hawa kazi yao huonekana pale tu wanapokosea. Kwa hiyo wanahitaji moyo mtulivu kuliko wote, na kapteni mzuri mara nyingi hutoka kwao, maana wao huuona uwanja wote mbele ya macho yao.

MIFANO KUTOKA INDIA

Tofauti za namna hii ziko hata kwa watu wa nyumba moja. Dhyan Chand wa India alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928, 1932 na 1936. Ndugu yake mdogo, Roop Singh, alicheza naye mwaka 1932 na 1936. Walipokutana na Marekani huko Los Angeles mwaka 1932, India ilishinda kwa magoli 24 kwa 1; Roop Singh alitia 10 na Dhyan Chand 8. Mkubwa alikuwa ndiye mwenye sifa duniani, lakini siku ile mdogo alimzidi, na timu haikupoteza kitu kwa hilo.

Dhyan Chand alifika hata huku kwetu. Mwaka 1947 kuingia 1948 timu ya India ilizunguka Afrika Mashariki, naye alikuwamo, ingawa miaka yake ya ujana ilikuwa imekwisha kupita.

Mfano mwingine ni timu ya India ya mwaka 1952. Kapteni wake, K. D. Singh, alikuwa bingwa wa chenga na wa kugawa mpira. Fowadi wa kati, Balbir Singh, alikuwa mmaliziaji. Katika fainali iliyochezwa Helsinki dhidi ya Uholanzi, India ilishinda kwa 6 kwa 1, na Balbir peke yake alitia magoli 5. Ingekuwaje kama wote wawili wangekuwa watu wa chenga?

KENYA ILIPOTIKISA DUNIA

Kenya yenyewe iliingia hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne. Mwaka 1964 huko Tokyo ilikuwa ya 6. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, ilifika nusu fainali ikashindwa na Hispania kwa goli 1 kwa 0; halafu ikashindwa na India kwa 2 kwa 1 baada ya muda kuongezwa, ikashika nafasi ya 4. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa mbele yake.

Wachezaji wengi wa miaka hiyo walikuwa Masingasinga na Wagoa wa vilabu vya Nairobi. Vilabu hivyo vilishindana vikali mwaka mzima, kisha wachezaji wao wakavaa jezi moja. Beki aliyejulikana kuliko wote ni Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa kapteni. Wenzake hawakumwita Avtar. Walimwita Tari. Vivyo hivyo Aloysius Mendonca aliitwa Alu, na Silvester Fernandes aliitwa Silu.

MAJINA HUTOKA WAPI?

Hapa twafika kwenye sehemu ya pili ya somo letu. Majina ya utani ya wachezaji hutoka katika visima vinne.

Kisima cha kwanza ni haraka. Uwanjani hakuna nafasi ya kuita jina refu. Kabla hujamaliza kutamka "Aloysius" mpira umekwisha kunyang'anywa; lakini "Alu!" lasikika mara moja. Jina la uwanjani na liwe fupi.

Kisima cha pili ni kupambanua. Wasomaji wetu wa Kipsigis watalielewa jambo hili upesi. Kwa desturi yao mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa: Kipkoech ni wa alfajiri, Kipng'etich ni wa wakati ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni, Kiprotich ni wa wakati wanaporudi, Kiplangat ni wa jioni. Basi si ajabu timu moja ya shule kuwa na akina Kiprotich watatu, na mtu akiita "Kiprotich!" wote watatu wageuke, mpira uende zake. India nayo ilipatwa na jambo hilo. Balbir Singh wa 1952 aliitwa Mkubwa ili kumtenga na waliomfuata, na katika timu ya mwaka 1968 walikuwamo akina Balbir Singh watatu pamoja, wakapambanuliwa kwa mahali walikotoka: mmoja wa Punjab, mmoja wa Jeshi na mmoja wa Reli.

Kisima cha tatu ni kipaji au tabia. Samiullah Khan wa Pakistan, winga wa kushoto, aliitwa Farasi Arukaye kwa ajili ya mbio zake. Dhyan Chand aliitwa Mchawi wa hoki. Hata hilo neno Chand halikuwa jina lake la kuzaliwa. Yeye alikuwa Dhyan Singh, na "chand" maana yake ni mwezi. Husimuliwa kwamba wenzake jeshini walimpa jina hilo kwa sababu alifanya mazoezi usiku kwa mbalamwezi. Kama ni hivyo, jina lile lilikuwa cheti cha bidii. Yule kapteni K. D. Singh naye alijulikana kwa jina la Babu, ambalo kwa Kihindi ni neno la heshima. Halina maana ya mzee kama kwetu.

Kisima cha nne ni dhihaka, nacho maji yake ni machungu.

JINA LIJENGALO NA JINA LIBOMOALO

Tuseme yuko msichana anayecheza beki, mzito wa kuanza mbio, lakini hakuna apitaye upande wake. Mmoja akamwita Kobe. Wote wakacheka, naye akacheka. Wiki ya pili amekosea, na uwanja mzima ukapiga kelele "Kobe!" Wiki ya nne hakuja mazoezini. Sasa upande ule uko wazi, na hakuna ajuaye kwa nini. Kama angeitwa Ukuta, neno lingekuwa fupi vilevile, na lingemkumbusha kazi yake kila linapotamkwa.

Baya zaidi ni jina limtajalo mtu kwa kabila lake. Katika mashamba ya chai wanacheza pamoja Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo. Jina la kabila likigeuzwa kuwa utani siku ya ushindi, siku ya kushindwa hugeuka kuwa tusi. Timu yenye matusi ndani yake haihitaji adui wa nje.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya kwa walimu na makapteni:

1. Kabla ya kumpangia mchezaji nafasi, mtazame katika michezo mitatu bila kumfundisha neno. Andika katika daftari anafanya nini mwenyewe akipata mpira, na anafanya nini asipokuwa nao.

2. Mpe kila mmoja kazi mbili: ile aiwezayo, aifanye siku ya mechi; na ile asiyoiweza, aifanye siku ya mazoezi. Mtu wa chenga ajifunze kukaba, na mkabaji ajifunze pasi ndefu.

3. Jina la utani lisitumiwe mpaka mwenyewe alikubali, na akisema hapana, neno lake liwe la mwisho. Kicheko chake si ukubali; muulize mkiwa wawili.

4. Mwalimu mwenyewe asiwe wa kwanza kutoa jina la dhihaka. Litokalo kinywani mwa mkubwa watoto hulichukua mpaka nyumbani.

5. Wasichana wapewe magongo sawasawa na wavulana. Timu ya wanawake ya Nairobi iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Telkom imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi, na wachezaji wake wengi waliujua mchezo huu wakiwa shuleni.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tazama mkono wako: vidole vyake havina urefu mmoja, na kila kimoja kina jina. Anayevikata vilingane hatapata mkono ulio bora. Atakosa hata wa kushikia gongo.