USHAURI: Wageni wa zamani na anwani elfu kumi za kununua

*Nina nyumba nne za kupangisha wageni hapa Mwabungo, hatua chache kutoka ufuoni. Kila asubuhi nikifungua barua pepe nakuta matangazo ya mikopo, kamari na viwanja, na simjui hata mmoja wa wanaoniandikia. Juzi mgeni wa Ujerumani aliandika akitaka wiki mbili za Agosti. Barua yake ilizama katikati ya takataka hizo, na nilipoiona alikuwa ameshalipa kwingine. Nami pia, watalii wakipungua, hutamani kuwaandikia wageni wangu wa zamani niwape bei nafuu. Kijana mmoja wa Ukunda ananiuzia orodha ya anwani elfu kumi za Wazungu. Na kikundi chetu cha wenye nyumba kinamwandikia mbunge alete sheria ya kupiga marufuku matangazo yote ya barua pepe. Nitie sahihi?*
*— Mama Riziki, Mwabungo*

Mama Riziki, pole kwa mgeni aliyekuponyoka. Usitie sahihi, na hiyo orodha usiinunue.

Marufuku ya kila tangazo itawaumiza nyinyi kabla ya kumgusa anayewasumbua. Wewe una jina, una lango, una namba ya simu inayojulikana. Afisa akitaka kukushtaki atapanda matatu ya Lunga Lunga na kushuka Mwabungo. Anayekutumia kamari kutoka nchi usiyoijua, huku ameficha anwani yake, marufuku hiyo haitamnyima usingizi. Na masika yakishika, vyumba vikabaki vitupu, mtakuwa mmejifunga midomo wenyewe.

Jambo la kuulizwa ni moja: huyu aliyeniandikia anwani yangu aliipata wapi? Mgeni aliyelala kwako, akakupa anwani kwa mkono wake, akapata barua yako mwakani, hashtuki. Watu elfu kumi walio kwenye ile orodha hawajawahi kukusikia, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuuzwa. Ukiwaandikia, kwao utakuwa sawa na hao wa kamari wanaokukera wewe.

Kenya hatuanzi kutoka mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu Novemba 2019, na kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba mtu aelezwe mapema kuwa ataandikiwa matangazo, akubali, na kila mara aonyeshwe njia nyepesi ya kujiondoa. Anayedai alipewa idhini ndiye anayepaswa kuithibitisha. Mkisaka sheria mpya mtakuwa mnaomba kitu ambacho sehemu yake kubwa iko tayari. Kilichobaki ni kuinyoosha palipopinda.

Pa kwanza panakuhusu wewe moja kwa moja. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, unadai idhini kabla ya kumwandikia mgeni asiyekujua, ila unamwachia mfanyabiashara nafasi kwa mteja wake mwenyewe: kama alikupa anwani wakati wa kununua, unaweza kumtangazia bidhaa inayofanana na ile, mradi alipewa nafasi ya kukataa siku ile na anapewa tena katika kila barua. Huo ndio mpaka wa haki kwa watu kama nyinyi, na kanuni zetu hazikuuchora waziwazi hivyo. Mwombeni mbunge auchore. Wamarekani walikwenda upande mwingine mwaka 2003: andika kwanza, ukikataliwa acha ndani ya siku 10 za kazi. Siupendi utaratibu huo hata kidogo, kwa sababu mzigo wa kufunga milango elfu unaachiwa aliyesumbuliwa.

Pa pili ni adhabu. Chini ya kanuni zetu, kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake kunaweza kukufikisha mahakamani ukatozwa hadi shilingi 20,000 au ukafungwa hadi miezi 6. Kwa kampuni ya kamari, elfu ishirini si kitu. Kwa mama mwenye nyumba nne, miezi 6 jela kwa sababu ya tangazo ni ukatili. Kamishna wa Data, anayesimamia sheria yetu ya data, naye anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, na kinachochukuliwa ni kidogo kati ya hivyo viwili. Ulaya ni kinyume: sheria yao ya data hutaja euro milioni 20 au asilimia 4, na huchukua kikubwa. Ombeni faini ipande na ukubwa wa kampuni, na jela ibaki kwa wadanganyifu, wanaojifanya benki ili wakuibie nenosiri. Hao wameshawekewa hadi miaka 3 katika sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na hapo sina pingamizi.

Msidhani Sheria ya Ulinzi wa Data imelala. Septemba 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizochukuliwa kwa wengine, kisha kuwaandama kwa vitisho.

Sasa nyumbani kwako. Kwenye fomu ya kupokea wageni ongeza mstari mmoja wenye kisanduku kitupu: "Nakubali kuandikiwa bei za msimu." Asiyetia alama usimwandikie. Wa zamani ambao hukuwauliza, ngoja wakuandikie wao, kisha waulize katika jibu lako. Na kila tangazo limalizike hivi, kwa lugha anayoielewa mgeni: "Ulilala kwetu Agosti, ukakubali tukuandikie. Ukichoka, jibu kwa neno moja, ACHA, nasi tutakuondoa bila malipo." Weka jina lako na Mwabungo chini yake. Akijibu ACHA, mwondoe siku ileile.

Kagua pia usajili wako. Biashara ndogo zenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini biashara za kupokea wageni hazimo katika msamaha huo, hata zikiwa ndogo. Katika sekta hiyo, wanaotembeza watalii ndio waliobaki kwenye msamaha.

Kwa wanaokusumbua, mjibu anayejulikana tu, umwambie aache, na uhifadhi barua zake na tarehe. Barua zenye viungo vya ajabu usizijibu wala usizibonyeze. Ziwekee alama ya taka, na kampuni ya barua pepe itajifunza kuzichuja. Akikuandikia tena yule uliyemkataza, peleka malalamiko yako na ushahidi huo kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 za kuyamaliza.