MAPIMO YA TUBA: JINSI UKUBWA WAKE UNAVYOTAMBULIWA

Katika beni ya matarumbeta, tuba ndiyo msingi wa sauti zote. Nayo ni ghali sana, hata shule au kanisa huenda likachanga fedha kwa miaka kabla ya kuipata. Kwa hiyo yafaa wanunuzi wajue jinsi ukubwa wake unavyopimwa, wasije wakapotezwa na tarakimu.

Tuba ya kwanza ilibuniwa Berlin na Wilhelm Wieprecht pamoja na Johann Gottfried Moritz, waliopewa hati ya kulinda kazi yao tarehe 12 Septemba, 1835. Tangu hapo zimetokea tuba za namna nyingi, nazo hutambuliwa kwa mapimo haya:

1. Urefu wa bomba. Bomba la tuba limekunjwa mara nyingi. Kama lingenyoshwa, bila kuhesabu vimrija vya vibonyezo, tuba ya F ingekuwa na urefu wa futi 12 hivi, ya E flati futi 13, ya C futi 16, na ya B flati futi 18. Kadiri bomba lizidivyo kuwa refu, ndivyo sauti izidivyo kushuka. Beni za shaba zenye desturi ya Kiingereza, kama zile za Jeshi la Wokovu, hutumia E flati na B flati.

2. Hesabu ya robo. Tuba huitwa 3/4, 4/4, 5/4 au 6/4. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hesabu hii haihusu urefu hata kidogo, kwani tuba ya C ya 3/4 na tuba ya C ya 6/4 zina bomba la urefu ule ule, na sauti zao hulingana kwa kimo. Tofauti ni unene: ile ya 6/4 ina mwili mpana, mdomo mkubwa na uzito zaidi, nayo hutoa sauti pana. Wala 6/4 si 4/4 na nusu yake. Hakuna sheria moja inayowafunga mafundi wote. Tuba ambayo kiwanda kimoja hukiita 4/4, kingine huenda kikaiita 5/4.

3. Upana wa tundu. Huu hupimwa kwa kuchomoa kimrija cha kibonyezo cha pili na kupima upana wake wa ndani. Tuba nyingi huwa na milimita 16 hadi 21. Lakini katika baadhi ya tuba tundu hupanuka toka kibonyezo kimoja hata kingine, basi kipimo kimoja hakitoshi.

4. Upana wa mdomo. Kwa kawaida ni inchi 14 hadi 20, ukipimwa toka ukingo hata ukingo.

Basi mnunuzi asiridhike na neno “kubwa” wala “6/4” peke yake. Na aulize sauti ya tuba, upana wa tundu, upana wa mdomo na uzito wake. Kisha mpigaji mwenyewe aijaribu. Tuba pana mno humaliza pumzi za kijana anayejifunza, na ile isiyolingana na sauti zilizoandikiwa beni hukaa kabatini. Fedha ya wengi ikishatoka, majuto ni mjukuu.