Kukuziwa: Ndege wa Maji Anayedharauliwa Jikoni

Miongoni mwa ndege wa maji wanaowindwa kisheria nchini Marekani, ni wachache wanaodharauliwa kama kukuziwa, ambaye jina lake la kisayansi ni Fulica americana. Wawindaji wengi humpita wakitafuta bata. Wapo hata wanaompiga kwa mchezo, kisha humwacha aoze majini kwa kisingizio kwamba nyama yake inanuka matope. Lakini katika jimbo la Louisiana, wenyeji wa asili ya Kifaransa humwita poule d'eau, yaani "kuku wa maji", na humpika kwa furaha. Je, nani ana haki? Somo hili litaonyesha kwamba jibu limo katika maumbile ya ndege mwenyewe.

KUMTAMBUA

Kukuziwa huogelea kama bata, lakini si bata. Yumo katika familia ya Rallidae, na undugu wake na korongo taji ni wa karibu zaidi kuliko undugu wake na bata. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 500 na 800. Mwili wake ni wa kijivu cheusi, kichwa ni cheusi zaidi, macho ni mekundu, na mdomo ni mweupe na mfupi kama wa kuku.

Alama kubwa ni miguu. Vidole vya mbele vya bata vimeunganishwa kwa utando. Vya kukuziwa vimeachana, na kila kimoja kina vipande vya ngozi pembeni. Mguu unaposukuma maji kwenda nyuma, vipande hivyo hutanuka na kuwa kasia. Unaporudi mbele, hujikunja, hivyo ukinzani wa maji hupungua. Kwa miguu hiyo ndege huweza pia kutembea matopeni bila kuzama.

Namna ya kuruka nayo ni dalili. Aina nyingi za bata huchupa kutoka majini moja kwa moja. Kukuziwa hulazimika kwanza kukimbia juu ya maji akipigapiga mabawa mpaka apate mwendo wa kutosha.

Mwanafunzi asimchanganye na kibisi, ambaye pia ana vidole vya namna hiyo. Kibisi wa madimbwi ya Marekani ni wa rangi ya kahawia, na hulindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Kwa hiyo kosa la utambuzi si kosa la darasani tu. Linaweza kuwa kosa la jinai.

KUMWINDA

Uwindaji hufanyika katika majira yaliyowekwa na serikali, baada ya kupata leseni. Kikomo cha Louisiana ni bata 6 kwa siku kwa kila mwindaji, lakini kukuziwa 15. Mwindaji huenda polepole kwa mtumbwi kando ya matete, na hutakiwa kumtafuta kila ndege aliyemwangusha.

Jambo la kuzingatia ni marisau. Ndege hawa humeza changarawe ili zisaidie firigisi kusaga majani na mbegu. Marisau ya madini ya risasi yakizama matopeni, ndege huyameza pamoja na changarawe. Firigisi huyasaga, asidi huyayeyusha, na sumu huingia katika damu. Tai anayemla ndege huyo naye hudhurika. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1991 marisau ya risasi yamepigwa marufuku Marekani kote katika uwindaji wa bata na kukuziwa. Badala yake hutumika marisau ya chuma, au ya metali nyingine zisizo na sumu.

KUMPIKA

Ladha ya matope inayolalamikiwa hukaa zaidi katika ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kwa kuwa vitu vingi vyenye harufu huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Basi kukuziwa hanyonyolewi, bali huchunwa. Ngozi hukatwa kifuani na kuvutwa pamoja na manyoya, na mafuta yote huondolewa kwa kisu. Huchukuliwa kidari, mapaja, moyo na firigisi, ambayo ni kubwa na hupendwa sana. Nyama hulowekwa usiku mmoja katika maji ya chumvi mahali penye baridi, kisha hukaguliwa isije ikabaki na marisau.

Wapishi wa Louisiana hukaanga unga wa ngano katika mafuta, wakikoroga bila kuacha, mpaka uwe wa rangi ya kahawia iliyokolea. Hutia vitunguu, pilipili hoho na seleri, halafu maji, nyama na soseji. Chungu huchemka kwa moto mdogo kwa muda wa saa mbili au tatu. Moto huo wa polepole hugeuza kolajeni, iliyofanya nyama kuwa ngumu, kuwa jelatini laini. Mchuzi huu mzito huitwa gumbo, na huliwa kwa wali.

KUKUZIWA WA KWETU

Afrika Mashariki ina jamaa yake, Fulica cristata, mwenye vinundu viwili vyekundu juu ya paji jeupe. Huonekana katika ziwa Naivasha na katika bonde la Ngorongoro. Huyu tumsome kwa macho na darubini tu. Kenya imepiga marufuku uwindaji wa michezo, na Tanzania humtaka mwindaji awe na leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Basi, wapishi wa Louisiana wana haki. Ubaya uliosemwa juu ya nyama ya kukuziwa hutoka zaidi kwa mpishi asiyejua mafuta yalipo. Na anayeua ndege asiyekusudia kumla hana udhuru, awe kukuziwa au bata.

MASWALI

1. Taja tofauti tatu kati ya kukuziwa na bata.
2. Eleza jinsi mguu wa kukuziwa unavyopunguza ukinzani wa maji.
3. Kwa nini marisau ya risasi humdhuru hata ndege ambaye hakupigwa?
4. Kwa nini kuchuna kunafaa kuliko kunyonyoa?